Maboksi ya Kampuni

Wakili wa kampuni ya dawa alimwambia mjane kwamba amechelewa kudai fidia. Dawa ile ya maumivu, iliyousimamisha moyo wa mumewe, iliondolewa madukani zamani, tangazo likatolewa, na muda wa kushtaki umekwisha.

"Sheria ndiyo hiyo, mama. Pole sana."

Mjane ni fundi cherehani, na kibanda chake kinatazamana na duka la dawa.

"Tangazo gani, mwanangu? Mimi nimejua juzi tu, kwa daktari. Muda wangu uhesabiwe tangu hapo! Gari lenu nililiona likija kuchukua maboksi pale dukani. Dereva alikuwa peke yake, akaomba mtu wa kumsaidia kupakia. Mume wangu, na goti lake bovu, akaacha kunipigia nguo pasi kibandani akaenda. Alibeba mpaka boksi la mwisho. Nani alimwambia anabeba nini?"

Wakili akajifanya anatafuta kalamu.

"Dereva alimshukuru, akaondoka. Jioni goti likamvimba kwa kazi yenu. Akafungua kopo lake, akameza vidonge viwili vya dawa ileile."