Pointi za Daktari

Kidoti aliingia chumba cha daktari akiwa mgongoni mwa mama yake, na hilo peke yake lilikuwa kioja. Mtoto wa darasa la pili, miguu inaning'inia mpaka inampiga mama magotini, habebwi hivi hivi. Lakini ungemweka chini angekwenda upande kama aliyetoka kuzungushwa kwenye pembea. Ulimi ulikuwa mzito. Ukimwita anageuka polepole, macho yanacheza, kisha anacheka bila sababu.

Siku chache nyuma alikuwa na kikohozi kikali, wakaja hapa hapa, daktari huyu huyu akamwandikia dawa ya kifua. Kikohozi kilipungua, hilo mama hakulikataa. Ila kadiri kikohozi kilivyopungua ndivyo mtoto alivyozidi kulegea. Na Kidoti hakuwa mtoto wa dawa moja. Tangu hajaanza shule anameza dawa ya kifafa, asubuhi na jioni, na kifafa kilikuwa kimetulia tuli.

"Ukifika mbele yake usianze maneno yako," mama alikuwa ameonywa kwenye benchi na wifi yake aliyewasindikiza. "Yule ni Bingwa yule. Anakutazama mlangoni tu keshajua unaumwa nini."

Ndivyo walivyomwita, Bingwa, na foleni yake ilikwenda mbio kuliko zote. Watu waliona ni sifa.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Meza ya daktari, kitanda cha kupimia, pazia lililochomoka ndoano upande mmoja, na pembeni kimeza cha kompyuta ambapo nesi mmoja mnene, mwenye uso wa kucheka, alikuwa akibonyeza kwa mkono mmoja na kula karanga kwa mwingine.

"Enhe, mama. Kikohozi?"

"Kikohozi kimepungua, daktari. Mtoto mwenyewe ndiye simwelewi. Analewa."

"Analewa!" Bingwa akacheka. "Mnampa nini huko nyumbani?"

"Ulichoandika wewe."

Wifi akamfinya kiunoni.

Bingwa akammulika Kidoti jicho moja kwa tochi, akamgusa paji la uso, akazima tochi. "Uchovu tu huo. Kifua kikipona mwili unadai usingizi. Malizeni dozi, msikatize katikati."

"Na ile dawa yake ya kifafa, daktari? Hazigombani hizi mbili?"

"Mama, malizeni dozi." Akainuka kwenda kunawa mikono kwenye sinki, mgongo ukawa kwao, maji yakafunguliwa mpaka mwisho.

Mama alikuwa tayari kuondoka. Niseme ukweli, alikuwa ameshamweka mtoto mgongoni. Kilichomtuliza moyo ni ile kompyuta. Muda wote daktari anaongea, nesi alikuwa anaandika, anasoma, anaandika tena, na mama akajiambia: afadhali, huyu anamtafutia mwanangu. Akasogea.

"Sista, imesemaje?"

"Nini imesemaje?"

"Hiyo mashine. Kuhusu mwanangu."

Nesi akameza karanga zake. "Ah, mama, hapa si kwa mwanao. Hapa niko kwenye magoti ya wazee."

"Wazee gani?"

"Hakuna wazee." Nesi akashusha sauti, si kwa hofu, kwa umbea tu. "Ni pointi za daktari. Siku hizi lazima waendelee kujifunza hata wakishahitimu. Daktari akiwa na swali la mgonjwa, analiingiza humu, anasoma utafiti unasema nini, anajibu amejifunza nini, anapewa pointi. Sasa yeye leseni yake inataka kuhuishwa na pointi hazijatimia. Basi namsukumia. Jana nilimaliza figo."

"Na yeye anasoma saa ngapi?"

Nesi akamtazama kama aliyeambiwa kichekesho. "Mama nawe!"

Jamani. Mtambo umetengenezwa na watu wenye akili zao, ili daktari akikwama asibahatishe. Umewekwa hapo, umewashwa, unahema kwa joto, hatua mbili kutoka kwa mtoto anayeyumba. Swali la mtoto liko hewani, limeulizwa kwa sauti, kila mtu kalisikia. Na kinachotafutwa ni magoti ya wazee ambao hawapo!

Mama akamshusha Kidoti, akamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, naye akasimama nyuma ya kiti, mikono miwili juu ya mabega ya mtoto. Bingwa akageuka akijifuta.

"Bado mpo?"

"Tupo. Nataka swali la mwanangu liingizwe humo."

"Humo wapi?"

"Humo mnamotafutia magoti."

Nesi akainama chini kama ameangusha kitu. Bingwa akamtupia jicho baya, kisha akamrudia mama, sasa hana tabasamu.

"Mama, wewe umesomea wapi udaktari?"

"Sijausomea popote. Shule niliishia ya msingi. Ndiyo maana nimekuletea mtoto, ningekuwa najua ningekuja kufanya nini?"

"Basi niachie kazi yangu. Unajua nina watu wangapi hapo nje?"

"Nawajua, nimekaa nao. Watangoja."

"Wifi, twende," wifi akanong'ona, jasho linamtoka. "Utatufukuzisha. Kesho tutatibiwa na nani?"

"Kesho ipi, wifi? Mtazame huyu leo alivyo."

"Daktari, msamehe," wifi akasema kwa sauti ya kubembeleza, "hajalala vizuri huyu, ni uchungu wa mzazi tu."

"Usiniombee msamaha!" Mama akamjia juu. "Nimemkosea nani? Nimeuliza dawa mbili zinapatana au hazipatani. Anijibu ndiyo au hapana, na kama hajui, kompyuta ile pale, itamwambia. Si tusi hilo. Mimi daktari anayetazama kitabu mbele yangu simcheki, namshukuru."

Sauti ilikuwa imefika nje. Benchi zima limegeukia mlango. Bingwa akafungua mlango kidogo, akaona nyuso, akaufunga. Alikuwa anajiandaa kusema kitu kikali, kinywa kimeshafunguka, wakati Kidoti aliponyoosha mkono kumshika mama yake. Mkono ukapita pembeni. Akajaribu tena, taratibu, kama anayeokota kitu ndani ya maji, vidole vikafumba hewa. Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, maana hata yeye aliogopa.

Bingwa aliona. Ule mkono aliuona vizuri.

"Dawa ya kifafa iko wapi?" akauliza.

Mama akaitoa mkobani. "Hata siku ile nilikuja nayo. Ukasema niirudishe, haina haja."

Bingwa alimpungia nesi apishe, akakaa yeye mwenyewe kwenye kile kiti chenye maganda ya karanga, akaandika jina la dawa ya kwanza, akaandika la pili. Haikuchukua muda hata wa kuchemsha chai. Alisoma akiwa ameegemea mbele, halafu akasoma tena kuanzia juu, na shingo yake ikaanza kubadilika rangi.

"Sema basi," mama akasema.

"Hii ya kifua..." Akakohoa. "Inaizuia ile ya kifafa isitoke mwilini. Inarundikana kwenye damu. Ndiyo hiyo inamlewesha."

"Kwa hiyo zinagombana."

"Hutokea."

"Zinagombana au hazigombani?"

"Zinagombana, mama."

Mama akamkumbatia Kidoti pale kitini. Wifi naye akakaa kitandani bila kuambiwa. Bingwa akawa ghafla mtu wa mbio: dawa ya kifua isimame sasa hivi, ya kifafa isiachwe kienyeji mpaka damu ipimwe, mtoto alazwe aangaliwe. Aliandika mpaka kalamu ikakwaruza karatasi. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea swali jipya, na nesi, kwa mazoea, akanyoosha mkono.

"Inauliza kama ulichosoma kitabadili unavyotibu. Nikujazie ndiyo, daktari? Kuna pointi hapa."

"Acha," akasema Bingwa.

"Aache kwa nini?" mama akauliza. "Hiyo ndiyo pointi pekee uliyosomea wewe mwenyewe. Ichukue! Mwanangu keshakulipia ada."

Bingwa akasema neno kama "ni jambo la nadra hili."

"Nadra kwako. Mimi ninaye mmoja."

Nasema haya kwa mama wenzangu mnaokaa kwenye mabenchi, mkiambiana daktari hodari ni yule asiyefungua kitabu. Mtoto wako akiwa ana dawa nyingine anayoimeza, itoe mkobani uiweke mezani, hata ukiambiwa irudishe. Daktari akikwambia ngoja nitazame, usimwone mjinga na usiguse saa. Huyo asiyetazama ndiye wa kuogopwa, na anayetazamiwa na mtu mwingine huku akijiandikia kuwa kajifunza, huyo simpi jina, maana nitatukana.

Walilazwa siku hiyo. Asubuhi ya pili ulimi wa Kidoti ulikuwa umerudi mahali pake, akadai uji, akaukataa, akadai mwingine. Bingwa alipita wodini, akasimama miguuni pa kitanda, akamuuliza mama hali kwa adabu mpya kabisa. Mama akamjibu kuhusu mtoto, basi. Wifi alikereka.

"Ungempa hata asante. Kamwokoa."

"Kamwokoa na nani, wifi?"

Wifi alikaa akichezea kamba za mkoba wake, kisha akatoa pakiti mbili, dawa zake za presha na vidonge vya mgongo alivyoandikiwa na Bingwa mwezi uliopita, akazitazama kama anaziona mara ya kwanza. Akainuka akashika njia ya kule kwenye mabenchi, hakuaga.

Kidoti alitaka kwenda chooni. Akakataa kubebwa. Mama akamwacha atangulie, yeye nyuma yake karibu karibu, mikono wazi, hajui kama amkamate au amwachie. Mtoto alikwenda ameegemea ukuta, kitanda baada ya kitanda, kiganja kikiburuta kwenye rangi. Kwenye kona ukuta uliisha. Alisimama pale akifikiri. Halafu akavuka.