Ficha Mikono, Billa

Vumbi la kucha ni jepesi kuliko unga. Lilipanda taratibu chini ya taa ya Jensia, likaelea, likageuka, likang'aa kidogo, kisha likatua juu ya taulo jeupe. Billa alilitazama vumbi hilo kwa bidii, kwa sababu hakutaka kutazama kilichokuwa kikilitoa. Mikono yake ilikuwa mezani. Ilikuwa imelazwa pale wazi, mwangani, mbele ya mtu, na hapakuwa na mfuko wa kuitia.

Ficha mikono, Billa. Ndivyo moyo wake ulivyozoea kumwambia. Kanisani, ficha. Dukani unapopokea chenji, ficha. Ukimiminiwa kahawa kwa watu, shika kikombe kwa viganja, vidole uvikunje ndani, ficha. Na yeye alitii, jamani, alitii kama mtoto aliyechapwa.

"Hizi zimefanywa nini, mwenzangu?" Jensia aliuliza. Alikuwa amekishika kidole gumba cha Billa na kukigeuza huku na huku. Kucha ilikuwa fupi, imechanika tabaka tabaka, nyeupe mahali, nyekundu mahali, ncha yake kama msumeno uliokosa meno.

"Ni kiwanda cha samaki," Billa alisema. "Si unajua maji yale. Siku nzima uko na chewa, unakata minofu, glavu zinalowa mpaka ndani."

Jensia akacheka kwa pua. "Kiwanda hakina meno, Billa."

Nje mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bandari ya Klaksvík, huku visiwani kaskazini ya mbali, mvua ile ya kila siku ambayo hakuna anayeitaja. Humo ndani, kwenye kachumba cha Jensia chini ya nyumba, palinuka asetoni ya kutolea rangi na keki ya mabua ya rubabu. Billa akaona uso wake unawaka. Alitamani meza ile ifunguke immeze.

Maana ilikuwa kweli. Alipakwa kucha rangi ngumu ya jeli majira ya baridi, nyekundu, nzuri, na kwa wiki chache alitembea mikono mbele kama mtu anayebeba sinia. Kisha pembe moja ikainuka. Angeweza kurudi iloweshwe, itolewe kwa utaratibu. Lakini aliketi ndani ya gari, kwenye uwanja wa kiwanda, akingoja zamu, akaitia jino. Ikabanduka na ngozi ya kucha. Ilimuuma, na ilimpendeza, na hilo la kumpendeza ndilo asingelisema kwa mtu yeyote duniani. Akabandua ya pili. Akabandua zote. Akapaka tena ili kufunika alichokibandua, akabandua tena alichokipaka, hadi hapakubaki cha kupaka wala cha kubandua.

"Sasa sikiliza," Jensia alisema, akishika tupa yake ndogo. "Jeli, hapana. Ndefu za kubandika, hapana mara mbili. Kucha yako saa hizi ni karatasi iliyolowa. Ukiibebesha mzigo itapasuka mpaka kwenye nyama. Tunazikata fupi, zote sawa. Tunazipiga tupa upande mmoja tu, siyo kwenda na kurudi kama mtu anayepasua mbao. Mafuta ya lozi asubuhi na jioni. Juu yake nakupaka waridi nyepesi, mtu akitazama asijue kama ni rangi au ni afya."

"Fupi hivyo?" sauti ya Billa ilikuwa ndogo. "Jumamosi namwoza binti yangu Rannvá. Wanakuja watu wa mji mkuu, wa Tórshavn."

"Watu wa Tórshavn hawana kucha?"

"Wanazo. Ndiyo shida yenyewe."

Jensia akainamisha kichwa, akaanza kazi, na vumbi likapanda.

Lakini wewe unayesikiliza lazima uambiwe, maana bila hilo hutajua kwa nini mwanamke mzima atetemeke kwa ajili ya kucha. Wakati wa posa, Malan, mama wa bwana harusi, alikuja Klaksvík na keki mkononi na shali ya hariri shingoni. Alipofika mlangoni aliweka keki chini, akanyoosha mkono. Mkono wa heri, mkono wa mkwe kwa mkwe. Na Billa, ewe Billa, alibaki amechomeka mikono yake kwenye mifuko ya sweta. Alisema karibu kwa mdomo. Alitabasamu kwa meno yaleyale. Mkono wa Malan ukabaki hewani, ukakosa pa kwenda, mwisho ukarudi ukajisingizia kurekebisha shali.

Ficha mikono, Billa. Aliificha, na alichokificha kikasemwa kwa lugha nyingine. Mkwe alirudi Tórshavn akawaambia watu: yule mama hatutaki, anajiona.

Jioni ya mkesha wa harusi Rannvá alikuja jikoni kwa mama yake. Alikuwa amevaa soksi tu, nywele mbichi, macho yamevimba. Nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo ilikuwa imeshakatwa na kufunikwa, viazi vimeshamenywa.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Kesho kwenye ngoma, mshike mkono mama Malan."

"Ngoma ni ya watu wote. Atashikwa na watu."

"Wewe. Mbele za watu wote. Mpaka leo anaamini humtaki, na mimi naenda kukaa kwake mpaka nyumba yetu iishe kujengwa. Unaelewa? Nitakula kwake kila siku, ananitazama anaona mkono ulioufunga mfukoni. Sitaki zawadi nyingine."

"Nitamshika," Billa alisema.

"Kweli?"

"Si nimesema?" Akageuka kuosha sufuria lililokwisha kuoshwa.

Asubuhi alisimama dirishani akazitazama. Jensia alikuwa amefanya kazi ya mikono ya dhahabu. Zilikuwa fupi, sawa, laini, zina waridi la kwa mbali kama la sikio la mtoto. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu akaenda kuvaa. Billa aliziona bado ni visiki. Aliona kiwanda, aliona gari, aliona meno yake mwenyewe. Akafungua kijiboksi alichokinunua kwa siri, akapanga kucha ndefu za plastiki juu ya kitambaa, akazibandika kwa gundi moja baada ya nyingine, juu ya kazi ya Jensia, juu ya karatasi iliyolowa. Zilimeta. Zilikuwa za mwanamke mwingine kabisa, mwanamke wa kwenye gazeti ambaye hajawahi kumshika samaki.

Na hapa ndipo ninapotaka kumpiga kofi la upendo. Mtu wa visiwa hivi, aliyezaliwa ndani ya ngoma ya mnyororo, aliyebebwa ndani yake mgongoni kabla hajatembea, asahau jinsi mikono inavyoshikwa humo! Haishikwi kama yai. Inashikwa kiganja kwa kiganja, vidole vimefunga, inapandishwa na kushushwa kwa nguvu kila mguu unapopiga sakafu, na utenzi ukianza haukatwi mpaka ubeti wake wa mwisho. Alikumbuka kanisa, alikumbuka picha, alikumbuka kikombe cha kahawa. Hilo hakulikumbuka.

Kanisani mambo yalikwenda. Mezani mambo yalikwenda. Billa aliweka vidole vyake juu ya shali yake ya sherehe, karibu na pini ya fedha, mahali pa kuonekana, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi hakuna sauti iliyomwambia afiche. Lakini hakufurahi. Alijihisi mwizi aliyevaa nguo za wenye nyumba.

Kisha meza zikasukumwa ukutani, na mwimbishaji, mzee mnene mwenye sauti ya pango, akaanzisha utenzi. Watu wakashikana. Mnyororo ukaanza kuzunguka ukumbi, mguu mbele, mguu mbele, kidogo nyuma, na sakafu ya mbao ikajibu. Billa alijipanga kati ya dada yake na kaka yake, watu wa damu, wasiomshika kwa nguvu. Jua la kiangazi, ambalo huku halina haraka ya kulala, liliingia kwa madirisha ya upande wa bahari.

Kwenye ngoma yetu hakuna anayeomba nafasi. Ukitaka kuingia unaingia popote, unatenganisha mikono ya watu wawili, unashika wa kulia, unashika wa kushoto, basi. Malan alikuja. Billa alimwona akitembea kando ya mnyororo na shali yake ya hariri, akitafuta pa kuingia. Alifika usawa wa Billa. Macho yao yalikutana. Malan akasita, mkono wake ukainuka nusu, ukashuka. Akapita. Akaenda kuingia mbali kule, kati ya vijana asiowajua.

Mnyororo ukajikunja, kama unavyojikunja kila mara watu wanapozidi ukumbi, ukapitisha watu uso kwa uso. Billa akapitishwa mbele ya bintiye. Rannvá alikuwa akiimba, taji lake limekaa upande, lakini macho yake hayakuwa kwenye wimbo. Yalikuwa kwenye mikono ya mama yake. Mkono mmoja kwa mjomba, mkono mmoja kwa mama mdogo. Akaacha kuimba.

Aibu ilimpanda Billa tangu visigino. Si ile ya kucha, ile alikuwa ameizoea. Hii ilikuwa na uso, na uso huo alikuwa ameuzaa mwenyewe.

Aliachia. Dada yake akamwuliza "Vipi?" naye alikuwa keshaondoka. Alivuka katikati ya ukumbi, peke yake, watu wote wakiimba kumzunguka, akafika pale Malan alipo, akaitenganisha mikono, akaingia. Akamshika mkwe wake. Kiganja kwa kiganja, vidole vikafunga.

Na mguu ukapiga, na mikono ikashuka, na kucha ya kidole gumba ikavunjika, ka!

Maumivu yalimfika mpaka kwenye kwapa. Kipande kile cha plastiki kilichomoka na ngozi ya kucha yake, kikaingia katikati ya viganja viwili, kikakaa humo. Alikihisi, kigumu, chenye ncha. Na alijua kwamba Malan anakihisi. Angeachia mkono? Mbele ya Rannvá, mbele ya Tórshavn nzima, achomoe mkono wake kwa mara ya pili? Shika, Billa. Hakujua sauti hiyo imetoka wapi. Shika.

Akashika. Utenzi ule ulikuwa mrefu, jamani. Mfalme alisafiri, mfalme alipigana, mfalme alisalitiwa, mke wa mfalme alilia, na beti baada ya beti kile kipande kilikaa kati yao kama kokoto kiatuni. Kucha ya pili ikachomoka ikadondoka. Billa aliimba kiitikio huku machozi yakimshuka, na watu waliomwona walidhani ni mama anamlilia bintiye. Malan hakugeuka. Lakini hakulegeza.

Wimbo ulipoisha watu walihema na kucheka. Malan akafungua kiganja chake. Kucha ya waridi, ndefu, inayong'aa, ilikuwa imelala humo, ina gundi na alama ndogo ya damu.

"Ni yako?"

"Yangu." Billa alitamani kukisingizia tena kiwanda. "Hapana. Si yangu. Zangu ndizo hizi." Akainua kidole gumba kilichobaki uchi, kifupi, kinatoka damu pembeni. "Huwa nazitafuna. Nazibandua kwa meno. Siku ile mlangoni nilikuwa nazificha. Nilikuonea aibu, mkwe."

Malan akasogea karibu. "Mimi nikadhani hunitaki."

"Nikukatae kwa lipi?"

"Miezi yote hiyo, Billa! Nilikuwa silali. Namwuliza mume wangu, nimemkosea nini yule mama?" Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Kumbe kucha?"

"Kucha."

"Haya, tazama basi za kwangu," Malan alisema, akaunyoosha mkono wake, uleule wa mlangoni.

Zilikuwa fupi. Zimekatwa mpaka mwisho wa nyama, hazina rangi, hazina kitu, safi kama za mtoto aliyeogeshwa Jumamosi. Malan alikuwa mpiga kinanda wa kanisa miaka yote, na kucha ndefu na kinanda havipatani. Huo mkono ulikaa hewani mbele ya macho ya Billa, siku ile, muda wote ule, na Billa hakuutazama hata mara moja. Alikuwa na shughuli ya kuficha wake.

Hapo ndipo alipoona aibu iliyo kubwa kuliko zote. Akasema tu, "Nisamehe," na Malan akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, kama mtu ambaye bado anaumia.

Mwimbishaji akakohoa. Utenzi mwingine ulikuwa unaanza.

"Lete mkono," Malan alisema.

"Zilizobaki zitadondoka zote."

"Zidondoke."

Akampa mkono. Ng'ambo ya ukumbi Rannvá aliwaona, akaufunika mdomo wake kwa kiganja, kisha akavutwa na mnyororo akapotea nyuma ya migongo ya watu. Miguu ikapiga. Vumbi la sakafu likapanda, taratibu, likaelea, likageuka, likang'aa kidogo kwenye jua la madirishani. Kucha za Billa zilidondoka humo moja moja, waridi, chini ya viatu vya watu, na yeye hakuinama kuziokota.