Nyumba Aliyoimeza Bwana Wino

"Imegoma tena," alisema Bwana Wino, akaipigapiga mgongoni mashine ya fotokopi kama mtu anayemcheulisha mtoto. Mashine ikakoroma, ikazimika.

Dirishani, katika ofisi hiyo ya usajili wa wauguzi, alisubiri mwanamume wa shati lililopigwa pasi vizuri. Alitaka taarifa za mkunga mmoja, na ilikuwa haki yake: rejista ya wauguzi ni ya umma. Ila anwani ya nyumbani lazima ifichwe. Na mkunga huyu alikuwa ameshahama mara moja, baada ya jiwe kupita dirishani na kuangukia kitanda cha mwanawe.

Usidhani kuficha ni kupaka wino tu. Inua karatasi iliyopakwa kwenye mwanga uone, maneno yote yanakuchungulia! Ndiyo maana karani huyu hupaka, kisha hutoa fotokopi, na hiyo fotokopi ndiyo humpa mtu. Wenzake wamemtania hadi jina lake la kuzaliwa limesahaulika. Kazi yake ni kujua kila nyumba ya wanaotutibu, halafu kujifanya hajui. Hata akitembea na mkewe huikwepa mitaa yao, na mama wa watu hulalamika: "Baba wee, njia fupi ina chui?"

"Mzee, bado?" aliuliza yule mwanamume.

"Mashine mbovu, bwana. Labda kesho."

"Kesho haiishi. Hiyo uliyoshika si ndiyo yenyewe? Nipe hiyo hiyo. Madoa hayanisumbui."

Bwana Wino akairudisha karatasi kifuani. Alikuwa ameshika ile iliyopakwa tu, na jua limejaa dirishani. Akavuta droo, akatoa wembe wa kuchongea penseli, akaukata ule mstari mweusi taratibu, akaubandua. Mwanamume akainama juu ya kaunta kutazama kile kipande kilichobaki mezani. Karani hakuwa na la kufanya. Akakitia mdomoni, akakisukumia na chai iliyopoa.

"Umekula nini?"

"Kidonge changu cha mchana."

Mwanamume akaipokea karatasi, na kweli, akaiinua kwenye mwanga. Katika tundu lile jembamba likaonekana jicho lake, jekundu, limejaa machozi.

"Mke wangu alifia mikononi mwake," alisema. "Nataka aniangalie usoni, basi."

Maskini! Bwana Wino aliyekuwa akimwogopa sasa alimwonea huruma, na hofu haikumwisha. Akatoka nyuma ya kaunta, akaketi naye kwenye benchi.

"Pole sana, mwanangu. Jina lake unalo, leseni yake unayo, na hospitali yake unaijua. Kama ana kosa, wanaosikiliza malalamiko wako ghorofa ya juu. Ataitwa, atakaa mbele yako, atakujibu. Lakini pale anapolala na watoto wake, hapana. Hata ukinichukia."

"Na mimi watoto wangu wanalala na nani?"

Mzee akamwekea mkono begani, akauacha pale mpaka wateja wengine wakaanza kugongagonga kioo. Mwishowe mwanamume akaikunja karatasi.

"Ngazi ziko wapi?"

"Twende, nikupeleke."

Jioni mkewe alimuuliza kama amekula. "Nimemeza nyumba nzima," alijibu, "na njaa bado iko pale pale." Mkewe akacheka, akisema uzee huo umeingia bila hodi.

Siku nyingi baadaye walikuwa dukani wote wawili, wananunua sabuni. Akaingia mwanamke aliyevaa viatu vyeupe, macho yamechoka, beji bado iko kifuani. Bwana Wino alilisoma jina, na kile kipande cha karatasi kikawa kama kinapanda kooni. Alijua hata namba ya mlango wake.

"Shikamoo, mzee," alisema yule mkunga. "Mbona kama tunafahamiana?"

"Marahaba, binti yangu. Hapana, sikufahamu hata kidogo."

Mkunga akatabasamu, akachukua mkate wake, akatoka, akashika njia fupi. Alitembea polepole, wala hakugeuka nyuma.

Mwenye duka akauliza, "Hivi huyu sista siku hizi anakaa wapi?"

"Nitajuaje mimi?" alisema Bwana Wino.

Mkewe akamtazama, akaitazama ile njia fupi, akamtazama tena. Kisha akabeba sabuni, na bila kuambiwa neno, akatangulia kwenye ile ndefu.