Ziara ya Tatu

Mwadi alirudi kutoka kazini, mikono bado inanuka dawa ya sakafu, akakuta fundi wa kufuli amepiga magoti mbele ya mlango wake. Ilikuwa Novemba ya mwaka tisini na sita, ghorofa ya tatu, mtaa wa Anderlecht, Brussels. Dalali wa mahakama, bwana mnene mwenye shali ya kijani, alimpa bonjour ya heshima zote, kisha akamwambia polepole, kama mtu anayesema na kiziwi, kwamba saa imefika. Polisi wa komuni, serikali ya mtaa, aliegemea ukuta akipiga miayo. Chini barabarani wabebaji wa komuni walikuwa wanafungua lori.

Mwadi alijua watakuja. Alikuwa ameambiwa siku na saa. Ila kuambiwa ni kitu kimoja, na kumwona mtu akibeba meza yako ni kitu kingine.

Mwenye nyumba alidai anataka kumweka mwanawe humo. Mwana mwenyewe alikuwa Hispania, mtaa mzima unajua, ana mkahawa ufukweni na hana mpango wa kurudi kwenye mvua. Kesi ya namna hiyo, Maître Kyungu wa zamani angeimaliza kabla chai haijapoa.

Maana Constant Kyungu, kabla hajawa Mheshimiwa, alikuwa wakili wa watu. Mzaliwa wa Likasi, kule Katanga, alikuja kusoma sheria miaka ya sabini akasahau kurudi. Ofisi yake ilikuwa juu ya kibanda cha viazi vya kukaanga, na joho lake jeusi lilinuka mafuta. Aliwasimamia wapangaji mbele ya hakimu, akawabana wenye nyumba mpaka wakafungua vifungo vya shati. Mwaka uliopita chama kimoja kikaona ana sauti, kikamtundika karibu na mkia wa orodha yake ya kugombea Baraza la Mkoa wa Brussels. Wanawake wa Katanga, ambao wengi wao hawakuwa hata na haki ya kupiga kura, walizunguka toka Anderlecht hadi Evere wakigonga milango ya wenye haki hiyo. Akashinda. Wakamkalisha uchifu kwenye ukumbi wa parokia, na kitambaa chenye madoa ya chui begani, kwa kuwa ngozi yenyewe Brussels utaitoa wapi. Mwadi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Siku ile hakuna aliyeuliza nani sasa atasimama mbele ya hakimu. Wala siwalaumu. Mtu wenu akipanda, mnaamini mmepanda naye.

Basi mtu akishakalishwa, huendi kwake na shida yako mkononi. Unamtuma mtu mzima. Ziara ya kwanza ni salamu. Ya pili, mjumbe anasema kuna neno, halisemi. Ya tatu ndipo neno linatoka, na kati ya ziara huachwa mwezi na zaidi, maana haraka si adabu. Mwadi alimtuma Papa Chande, mstaafu wa reli, mwenye suti moja iliyonyooka kuliko suti zote za mtaani. Mheshimiwa alipokea watu Jumamosi katika mkahawa mmoja wa Flagey, na Papa Chande alikwenda na kuku wa kuchoma, maana mkono mtupu haulambwi. Mheshimiwa alifurahi sana. Mara ya pili alifurahi tena, akasema vijana wa leo waige adabu hiyo.

Kati ya ziara ya kwanza na ya pili, hakimu alimwita Mwadi. Hakwenda. Neno lake lilikuwa njiani, na humtangulii mjumbe wako. Hukumu ikatoka bila yeye. Ikingojwa ya tatu, muda wa kuipinga nao ukaisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini Mwadi alivumilia, akijua mambo yako mikononi mwa mkubwa.

Régine, jirani wa ghorofa ya kwanza, mtu wa Bukavu anayelea wazee, alipanda na kandambili aliposikia vishindo.

“Umemupigia Kyungu téléphone?”

“Papa Chande anaenda kwake samedi, siku yake ya kupokea batu. Njo ziara ya tatu.”

“Ya tatu ya nini? Maman, banakufukuza leo!”

Hakungoja jibu. Alishuka, akapiga simu mwenyewe.

Kyungu alikuja haraka. Hilo tumpe haki yake. Aliacha gari katikati ya njia, mbele ya lori, akapanda ngazi akihema, tai imepinda. Dalali alimshika mkono kwa furaha, akampongeza kwa ubunge, akasema bila ubaya wowote kwamba tangu Maître aingie siasa, kazi yake imekuwa nyepesi. Kyungu akaomba kuiona hukumu. Aliisoma akiwa wima, akairudisha.

“Maman Mwadi, juu ya nini haukuniita? Ulikuwa na mwezi muzima ya kufanya opposition, ya kupinga hukumu. Un mois! Ningeifanya na jicho moja.”

Papa Chande, aliyesikia habari mtaani, alikuwa amekwisha kufika, na suti yake. Akavua kofia.

“Honorable, nilikuya kwako mara mbili. Samedi njo nilikuwa ya kusema.”

Kyungu akamtazama mzee, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Kuku alikuwa amemla na kumsifia.

“Bon,” alisema Mwadi. “Weye njo unatunga sheria. Tunga moja, nirudie mu nyumba.”

“Maman, mambo ya bail, ya kupanga nyumba, iko ya fédéral, ya serikali kubwa. Sisi ku région, ku mukoa, hatuigusi.”

“Alors, ku région munafanya nini?”

“Logement social, nyumba ya serikali ya bei ya chini, par exemple.”

“Nipe ile.”

“Kuko liste. Batu beko nangoya miaka.”

Mwadi alifikiri. Hakuwa na hasira bado. Alitaka kuelewa tu.

“Donc pale ulikuwa mudogo, ulikuwa na nguvu ya kusimamisha huyu muntu ku mulango. Sasa uko mukubwa, hauna.”

Dalali alijifanya anakagua kufuli mpya.

Vitu vilishuka. Friji, godoro, kabati lisilofunga, sufuria ya bukari, yaani ugali, na mwiko wake. Vikapangwa kando ya njia mbele ya watu wanaongoja tramu, na juu ya kila kitu, kwenye beseni, nguo zake za ndani. Aibu ilimchoma Mwadi kuliko uchungu. Akavua koti, akalifunika beseni, akabaki anatetemeka na blauzi ya kazini. Hapo ndipo hasira ilipokuja.

Kyungu alitazama saa. Alisema kuna kikao, kura ya bajeti, lazima awepo. Kesho atapiga simu sehemu fulani. Akampa kila mtu mkono. Alipofika kwenye gari, Mwadi alikuwa ameshaketi mbele, kando ya usukani, na furushi la mablanketi mapajani.

“Mwadi, maman,” Papa Chande alinong’ona dirishani, “hatuikalake pembeni ya chef.”

“Papa, aksanti kwa safari yako yote. Régine, unichungie friji.”

Kyungu aliingia, hakuwasha gari.

“Maman, niko naenda ku vote.”

“Enda ku vote. Nitakungoya mu motokari. Mutoto wangu Kelly anatoka ku masomo saa kumi. Tulikuikalisha chef, Constant, na chef haachake muntu yake inje. Mbele ya saa kumi utanionyesha ku nyumba yako tunalala chumba gani.”

Jina lake kavu, bila Maître, bila Honorable, lilikuwa halijasikika mtaani kwa miaka. Nyuma lori la komuni lilianza kupiga honi.

“Nitaambia bibi yangu nini?” aliuliza Kyungu, akimwazia mkewe, kwa sauti ndogo.

“Nitamuambia miye mwenyewe. Sitatuma muntu.”