Nani Atampokea Mama

Vicheko vilisikika mpaka chumbani, na Samiha ndiyo kwanza amemaliza kumvika mama yake sanda. Vicheko, jamani! Udi bado unafuka, maiti hajatoka ndani, halafu huko nje kwa wanaume watu wanacheka. Akasogeza pazia achungulie ni nani huyo asiye na haya.

Alikuwa kaka yake mwenyewe, Masoud, mkubwa wao, mwenye duka la mchele pale Tandika. Kasimama chini ya turubai, kanzu imenyooka kwa pasi, na mbele yake yupo Khalil, kitinda mimba wao, mkono mmoja kauweka juu ya meza.

"Haya tena," Masoud anasema. "Ngumi. Ubavu. Kiganja. Haraka haraka! Ngumi, ubavu, kiganja."

Khalil akapiga ngumi, akapiga kiganja, akasita, akarudia ngumi. Vijana waliokuja kutandika mikeka wakaangua kicheko tena.

"Mmeona?" Masoud akawageukia wazee. "Kitu cha mtoto wa chekechea hawezi. Sasa huyu ndiye ashuke kaburini ampokee mama? Amdondoshe mbele za watu? Hapana. Nitaingia mie, mjomba Abdulhadi, na huyu jirani yetu Faraji."

Samiha aliutambua mchezo ule. Ule haukuwa mchezo. Ule ulikuwa uchunguzi wa kliniki, na aliyempa Masoud habari zake alikuwa ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mwezi uliopita alimsindikiza Khalil kliniki. Khalil ana skizofrenia, maradhi ya akili yanayomsikizisha sauti zisizokuwepo. Sauti zilimwanza alipokuwa chuo, na kwa dawa zimetulia, ingawa hazijaisha. Daktari Sesilia alimwambia apige meza kwa ngumi, kisha kwa ubavu wa mkono, kisha kwa kiganja, kwa mfululizo. Akamwambia aguse vidole kimoja kimoja kwa dole gumba. Akamtembeza kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole. Yote Khalil aliyafanya, lakini kwa kusuasua, na mengine yakamchanganya.

"Hivi ni vidonge vinamfanya hivi?" Samiha aliuliza.

"Vidonge vinaweza kuchangia. Lakini niambie, utotoni alikuwaje?"

Utotoni! Samiha alitaka kulia. Utotoni Khalil alivunja vikombe, alichelewa kufunga vifungo, kamba hakuiruka hata siku moja. Madrasani kwa maalimu alichapwa kwa mwandiko. Nyumbani akaitwa mzembe, akaitwa mikono ya mlenda, na jina hilo alilibuni Masoud.

Daktari akaeleza taratibu. Ndani ya ubongo mna sehemu zinazopanga mwendo, nyingine zipo huku nyuma kisogoni. Kwa baadhi ya wenye maradhi haya sehemu hizo zina tofauti kidogo, na mara nyingine tofauti yenyewe inatangulia maradhi kwa miaka. "Nguvu anazo," alisema. "Kubeba anabeba, kushika anashika. Shida ni kupanga vitendo vingi kwa haraka. Msimharakishe, na mwacheni aseme kwa sauti anachotaka kufanya. Si uzembe huo, wala si ukaidi."

Samiha alirudi moja kwa moja dukani kwa kaka yake akamweleza kila kitu, hata ule uchunguzi akamwonyesha, ili aache kumtukana mdogo wao. Masoud alisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kumbe! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Akajitanda kanga akafungua mlango.

"Samiha, huko kwa wanaume!" jirani yake Farida akamshika mkono. "Na mama hajatoka!"

"Niache, Farida. Makaburini siendi, sie wanawake hatuendi. Nisiposema hapa nitasemea wapi?"

Akatoka. Mzee Mwinjuma, msimamizi wa mazishi mtaani, akaanza, "Mwanangu, adhuhuri inaingia..."

"Shikamoo, babu. Naomba unisamehe, nitasema haraka." Akamgeukia kijana aliyesimama kando ya jeneza lililokuwa bado tupu. "Faraji, mama alikuwa nani yako?"

Faraji akatazama chini. "Jirani, dada. Jirani tu."

"Ahsante. Kaka Masoud, unamwingiza jirani kaburini kwa mama yetu, mtoto wa kumzaa unamweka nje? Mama alipopooza, nani alimbeba kutoka kitandani kwenda kuoga? Sema! Wewe ulikuja Ijumaa na halua yako, ukakaa kidogo, ukasema duka halina mtu. Khalil ndiye alimgeuza, Khalil alimlisha. Na hajawahi kumdondosha! Hata siku moja!"

"Wewe Samiha, punguza sauti. Nataka mama azikwe kwa heshima."

"Heshima? Umemchezesha ndugu yako kama nyani mbele ya vijana wa mtaa, maiti wa mama yako yuko nyuma ya ukuta huu, halafu unanitajia heshima? Mtu mzima hovyo wee!"

Kuna mzee alikohoa. Wale vijana hawakujua pa kuweka macho. Masoud akafungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa Khalil, na alisema polepole kama kawaida yake, akitazama mkono wake pale mezani.

"Kaka, mama hapigwi ngumi na kiganja. Mama anashikwa tu. Kushika naweza."

Mjomba Abdulhadi, ndugu wa marehemu, alikuwa muda wote akichezea tasbihi. Akainuka. "Tumemaliza. Tunaingia mie, Masoud na Khalil. Faraji atabaki juu na wenzake kushika shuka la kusitiri kaburi. Na aliyecheka hapa amwombe Mungu msamaha." Kisha akamwambia Samiha, "Rudi ndani, mwanangu."

Alirudi ndani, lakini hasira haikumtoka. Alisimama dirishani jeneza lilipotoka, akamwona Khalil kalipokea begani upande wa mbele, midomo inacheza, anajisemea hatua. Baada ya hapo ilikuwa kungoja tu, na kungoja kwa wanawake siku ya maziko ni kazi nzito kuliko kuchimba. Akipigwa kikumbo na haraka ya Masoud je? Akiteleza, si watasema tuliwaambia? Farida alimletea chai, ikapoa mkononi.

Waliporudi, Samiha alimtafuta Khalil kwanza. Kanzu yake ilikuwa udongo mtupu, mpaka kifuani, mpaka kwenye kope. Alipita bila kusema, akakaa peke yake kwenye kizingiti cha chumba cha mama.

Mjomba Abdulhadi akaja mlangoni. "Alishika upande wa kichwa," akasema kwa sauti ya chini. "Anasema kwa sauti, sasa kichwa, sasa bega, sasa namlaza. Watu wote juu wakamsubiri. Akamweka kwenye mwanandani, pale ndani ya kaburi anapolazwa maiti, akamgeuza kuelekea kibla, akamfungua kamba za sanda. Sijaona mtu akizikwa kwa upole vile."

"Na Masoud?"

"Masoud miguu ilimwisha nguvu kaburini. Ikabidi tumtoe. Faraji akaingia badala yake."

Samiha hakufurahi. Alidhani angefurahi, lakini alimwona tu kaka yake anakuja nyuma ya mjomba, macho mekundu, udongo magotini, na kwa kitambo kifupi akamwonea huruma.

Masoud akamvuta pembeni, karibu na pipa la maji, mbali na watu.

"Samiha," akanong'ona. "Nimekosa. Nimewakosea wote wawili. Basi yaishe."

"Kamwambie Khalil."

"Nitamwambia. Usiku, watu wakishaondoka."

"Sio usiku. Sasa hivi, na pale pale chini ya turubai, mbele ya wazee wale wale na vijana wale wale."

Masoud akageuka kutazama. Wanaume walikuwa wameshakaa mikekani, sinia za pilau zinashuka, wengine wanamtafuta kwa macho aje akae nao. Akapangusa magoti, akaiweka kofia sawa.

"Sio leo, dada yangu," akasema. "Watu wamechoka."

"Wakati wa kucheka hawakuchoka," Samiha akamjibu, akamwacha amesimama pale na pipa lake.