Mtu wa Sita Mezani

Jioni, kabla ya taarifa ya habari, dereva teksi alifungua mlango wa sebule pande zote mbili, akasogeza kiti cha mama yake, na gari likaingia kula. Liliingia kinyumenyume, maana mdomo wa tangi uko nyuma. Mkewe alikuwa ameshatia petroli kwenye jagi. Likishiba lilicheua moshi kidogo, yule mama, bibi wa watoto wao wawili, akafungua dirisha, ndipo wengine wakakaribishwa kwa mkate na maji.

Utaratibu huu ulianza petroli ilipopanda bei kwa mara ya tatu. Kulilaza gari nje kuliwashinda, kwa sababu mtaani kulikuwa na vijana wanaonyonya mafuta ya watu kwa mpira. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu tangu shule zilipofunguliwa, ukapandishwa cheo ukawa stuli ya mtoto mdogo. Mkaa nao ulipanda bei, usije ukaonekana mshamba. Wote watano walikuwa wamesahau ladha ya chakula cha moto.

Siku hiyo alikuja msichana wa takwimu, na kishikwambi mkononi. Mkoa ulitaka kujua kila kaya inachoma kiasi gani kwa petroli, gesi na umeme. Kaya ambayo matumizi yake kwa kila kichwa yanazidi wastani wa mkoa ingejaziwa mtungi bure kila mwezi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pitia huku kwenye bampa, usichafue sketi."

Msichana akaketi kando ya taa ya nyuma. "Kaya ni wale wanaolala hapa na kula hapa. Mko wangapi?"

Mke wa dereva alikuwa ameinamia tangi, jagi mkononi, asimwage hata tone. "Subiri kidogo, dada," alisema. "Huyu akishakula nitakujibu."

Kidole cha msichana kikasimama hewani. "Huyu anakula hapa?"

"Kila siku."

"Na kulala?"

"Sasa alale wapi?" dereva akadakia kwa fahari.

Bibi, aliyefundisha Kiswahili hadi alipostaafu, akavua miwani. "Linakula, mama watoto. Gari linakula. Ngeli hizi tumezizungumza hapa mpaka nimechoka."

Lakini kidole kilikuwa kimeshashuka.

"Mfumo haurudi nyuma, bibi," msichana alisema. "Ukimpokea mtu, umempokea."

Gari, ambaye sasa alikuwa mtu wa sita, akacheua.

Majibu yalikuja kwa simu. Matumizi yao, yakigawanywa kwa watano, yalizidi wastani wa mkoa. Yakigawanywa kwa sita, yalikuwa chini yake kwa unywele. Mtungi hakuna. Tena, kwa kuwa ndiye mtumiaji mkubwa, mfumo ulikuwa umemfanya gari kuwa mkuu wa kaya. Dereva alinuna kidogo, akajifariji kwamba angalau cheo hakikutoka nje ya familia.

Mkewe alikwenda ofisi ya mkoa kueleza. Afisa alimsikiliza kwa adabu. "Rufaa naipokea kwa mkuu wa kaya mwenyewe, ana kwa ana."

Kesho yake walikwenda wote. Gari alipanga foleni ukumbini kama watu wengine. Mama mmoja nyuma yake alimwomba asogee mbele kidogo, akasogea. Walipofika dirishani afisa aliinua macho.

"Karibu, mzee. Una malalamiko?"

Gari alinyamaza. Dereva akanyoosha mkono kuelekea honi.

"Msimsemee," afisa alisema. Akangoja kwa subira, kisha akagonga muhuri. "Hana malalamiko. Anayefuata."

Wakati wa kurudi, mafuta yalikatika mlimani. Bibi alishika usukani, wengine wakasukuma. Fundi viatu wa pale kona aliwaona wakihema.

"Poleni jamani. Anaumwa?"

"Haumwi," alisema mke wa dereva, bega likiwa kwenye buti. "Njaa tu. Hajala tangu asubuhi."

Fundi viatu aliguna kwa huruma. Akaweka nyundo chini, akampapasa gari mgongoni, akaungana nao kusukuma, katikati ya watoto wawili. Watoto nao walikuwa hawajala tangu asubuhi, lakini hao hakuna aliyewauliza.