Ungamo la Bugumestre

Katika Kanisa la Chemchemi, mjini Lubumbashi, dhambi ya jumlajumla haikubaliwi. Anayetaka kuwekewa mikono hupiga magoti mbele ya Mama Mwila, shemasi, na kutaja kwa sauti amemkosea nani na amemfanyia nini, mpaka walio kwenye mabenchi ya nyuma wasikie. Hapo tu ndipo mama humwekea mikono. Desturi hiyo waliianzisha wazee waliochoshwa na watu wa kulia sana na kusema kidogo. Na hakuna aliyewahi kukataliwa kuungama, hata mwizi wa kuku.

Kwa hiyo Alhamisi Pasta Donat alipokuja kumwambia kwamba Jumapili yeye mama angemwekea mikono Lucien Kapya, bugumestre, mkuu wa komini yao, Mama Mwila alijua kwamba hana njia ya kukataa.

Kisa kilikuwa hiki. Kabla ya mvua, vibarua walikuja kuinua vifuniko vya zege, dale kama wanavyoviita, vya mfereji mkubwa wa mtaani, wakasema wanausafisha. Tope halikuguswa. Vifuniko vikapakiwa kwenye lori, vikapotea. Watu walinong'ona kwamba vimetandikwa uani, ndani ya lupango la bugumestre, ili gari lake, maskini, lisikanyage matope. Mvua kubwa ilipokuja, barabara na mfereji vikawa maji mamoja. Rachida, mke wa Kasimu fundi cherehani, alikuwa anarudi kutoka sokoni, akakanyaga pasipo na kitu. Walimwokota kesho yake upande wa bondeni, katikati ya chupa za plastiki na makapi ya soko.

Kasimu si mtu wa kelele. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani, na mtaani Waislamu kwa Wakristo huvaa nguo alizoshona. Hata majoho ya kwaya ya Chemchemi ni kazi ya mkono wake. Alimzika mkewe, akamaliza matanga, kisha akaenda parke, kwa mwendesha mashtaka, akamshtaki bugumestre kwa jina lake. Huko walimtaka alete shahidi. Ukuta wa bugumestre ni mrefu, na walioingia ndani waliingia kula. Watu wa kunong'ona walikuwa wengi kama nzi, ila wa kusimama na kusema hakupatikana hata mmoja, na mashtaka yalikuwa karibu kutupwa.

"Roho yake njo iko mugonjwa, mama," Pasta alisema siku ile ya Alhamisi. "Anataka kutubu. Ile mambo ya mufereji inamulemea."

"Kama inamulemea, aende kwa Kasimu."

"Mama Mwila, serikali inatoka kwa Mungu. Paulo aliandika."

"Aliandika vile serikali inabeba upanga juu ya kuogopesha mwenye kutenda mabaya. Hakuandika vile mwenye mabaya njo atashika upanga."

Pasta alicheka kile kicheko chake laini anachokitunza kwa wageni wa heshima. Kisha akatoa yaliyokuwa moyoni. Bugumestre ameahidi mabati mapya ya kanisa. Halafu, kanisa likisha kumsamehe mbele ya watu wote, Kasimu ataona haya kuendelea na kesi ya tribinali. Atajikuta peke yake anayeshikilia kisa ambacho Mungu mwenyewe amekifunga.

Mama Mwila alimtazama mtu huyu aliyemzikia wazazi, akajiuliza ni lini hasa alianza kuoza. Alijifariji na jambo moja tu: Kapya hataweza kutaja alichofanya. Atababaika, atasema habari za udhaifu wa binadamu, naye ataondoa mikono yake mbele ya kanisa zima. Basi na aje.

Akaja. Walinzi walitangulia, wakawaondoa wajane kwenye benchi la mbele, wakaweka viti vya sofa walivyovibeba kwenye gari. Kwaya iliimba wimbo wa kumsifu Bwana, na kwenye pambio jina la Bwana likatolewa likatiwa la Kapya. Watu walipiga makofi. Mama Mwila alitamani kutoka nje akateme mate. Mtoto akipewa kipande cha muwa atamwimbia yeyote, hilo alilijua, lakini hawa walikuwa watu wazima wenye meno yao.

Bugumestre alipiga magoti juu ya mto aliowekewa. Pasta akamshikia mikro mdomoni. Mama Mwila akaweka mikono juu ya kichwa kilichopakwa mafuta ya kunukia mpaka yakamtiririkia vidoleni, akauliza kama anavyouliza siku zote:

"Ulimukosea nani, na ulimufanya nini?"

"Miye muntu wa zambi, mama. Sawa Daudi."

Akainua mikono. "Hiyo iko zambi ya Daudi. Ya kwako?"

Nyuma kuna watu walicheka. Kapya alimtupia Pasta jicho, na Pasta akatikisa kichwa taratibu kukubali. Hapo Mama Mwila akatambua kwamba wamekwisha kupanga hata hili.

"Nilibeba dale za mufereji," bugumestre alisema, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti vya mlangoni mpaka sokoni. "Miye mwenyewe nilituma lori. Ziko kwangu, mu lupango. Juu ya ile, muke ya Kasimu alikufa. Munisamehe, bandugu."

Kisha akalia. Machozi ya mamba, na mengi. Kanisa likalipuka. Wanawake walipunga vitambaa, kwaya ikarukaruka, Pasta akatangaza kwamba yamekwisha, hakuna tena mtu wa kumhukumu mtumishi huyu. Mama Mwila alibaki na mikono juu ya kile kichwa, kwa kuwa desturi ni desturi na mtu alikuwa ametaja. Akaomba maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba. Bugumestre alipoinuka alimnong'oneza, "Aksanti, mama. Sasa tumemaliza," akarudi kwenye sofa lake, akaomba maji baridi na kutazama simu. Macho yalikuwa makavu kabisa.

Jumatatu asubuhi walikwenda kwa Kasimu, Pasta mbele na Mama Mwila pembeni yake, maana Pasta alitaka mikono ile ile iliyosamehe ionekane. Adija, dada yake Kasimu, aliwapa viti. Kasimu alisimamisha cherehani akasikiliza. Pasta alizungumza vizuri, hilo hakosi. Alieleza toba, machozi na furaha ya mbinguni, akamaliza kwa kusema kanisa lote limesamehe, basi na yeye aondoe mashtaka.

"Bugumestre aliwakosea nini, Baba Pasta?" Kasimu akauliza. "Ninyi, kanisa. Aliwakosea nini?"

Pasta alikohoa. Alisema toba ile ilikuwa ya kweli, amwulize Mama Mwila, alikuwepo.

"Nilikuwa," Mama Mwila akasema. "Kasimu, ku parke banakuuliza nini?"

"Banataka muntu mwenye kujua nani alibeba dale."

"Miye sikuona lori. Ila nilimusikia mwenyewe akisema ni yeye, na ziko kwake. Peleka jina yangu."

Pasta aligeuka taratibu kama mtu aliyekanyagwa na mtoto wake.

"Mama, ile ilikuwa maneno ya kanisa."

"Na kanisa ilisamehe. Njo kazi yake, ilimaliza. Kuhukumu haiko kazi yetu, Baba Pasta. Tuachie tribinali kazi yake."

"Bantu baliungama kwako juu ya kukuamini. Ukienda kule, hakuna tena muntu atapiga magoti mu Chemchemi. Utakuwa umevunja kanisa."

Hapo alimchoma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mama Mwila alifikiria wale wote waliowahi kulia mikononi mwake, mabinti, walevi, yule mwizi wa kuku. Kuanzia kesho wangeanza kupima maneno yao, na maji yakimwagika hayazoleki. Alimchukia Kapya kwa mfereji, lakini kwa hili alimchukia zaidi, na Pasta vilevile. Wamechukua kitu safi pekee walichokuwa nacho mtaani, wakakifanya tambara la kupangusia damu.

"Ilivunjika jana," alimjibu. "Weye njo ulishika mikro."

Pasta alisimama. Alisema atawaita wazee leo hii, na mkesha wa maombi utafanyika kwa ajili ya roho iliyomwingia shemasi. Akatoka bila kuaga, na viatu vyake vikasikika vikikwepa madimbwi.

Kasimu alifunika cherehani. Akavaa koti, akamfungulia Mama Mwila mlango.

"Twende sasa hivi, mama," akasema, "kabla bazee bakuye kukuombea."